Tumbo Joto: Imani na Hisia Zinaufikiaje Mwili, na Zinaishia Wapi

Mtu mwenye wasiwasi tunasema yuko tumbo joto. Aliyeshtushwa, roho imemruka. Aliyetukanwa, maneno yamemkata maini. Asiyependeza tena machoni mwa mwenzake amemtumbukia nyongo. Aliyechoka kujaribu amekufa moyo. Hesabu viungo hivyo: tumbo, maini, nyongo, moyo. Kiswahili hakikuiacha hisia ielee hewani, kila moja kimeipangia chumba mwilini.

Kwa hiyo msomaji wa lugha hii hahitaji kubembelezwa ili akubali kwamba yanayopita moyoni hufika mwilini. Hilo analijua tangu siku ya mtihani wa kwanza, alipokwenda chooni mara tatu kabla kengele haijalia. Kazi iliyobaki ni ngumu zaidi, na ndiyo inayorukwa na wengi wanaoandika habari za uponyaji wa mwili, akili na roho kwa pamoja. Hisia zinapita njia gani? Zinafika kwenye kiungo kipi? Na zikishafika, zinaweza nini na haziwezi nini?

Nauliza hivyo kwa sababu jina "tiba jumuishi" limegeuka kapu. Ndani yake yumo daktari anayekuuliza unalalaje na nani anakusaidia nyumbani kabla hajaandika dawa. Ndani ya kapu hilohilo yumo mtu anayekwambia kwamba uvimbe ulio nao ni hasira uliyoificha tangu utotoni, na kwamba ukisamehe utayeyuka. Wa kwanza ana ushahidi mwingi nyuma yake. Wa pili ameuazima ushahidi wa wa kwanza, akauvuta mpaka ukakatika. Kuwatenganisha kunataka subira, maana wote wawili huanza na maneno yaleyale: mwili na akili ni kitu kimoja.

Mkanda wa presha

Tuanze na jambo ambalo huenda limeshakupata. Umeingia kupimwa presha huku unahofia majibu. Muuguzi anakufunga mkanda mkononi, anapuliza, mkanda unabana, anasoma namba kisha anakunja uso. Mkunjo ule wa uso unatosha. Akipima tena palepale, namba inaweza kuwa juu zaidi. Ukiachwa dakika tano umeketi, mgongo umeegemea kiti, nyayo ziko sakafuni, hakuna anayekusemesha, mara nyingi namba inashuka. Hakuna dawa iliyoingia mwilini. Madaktari wanalijua jambo hili kiasi cha kulipa jina, presha ya koti jeupe, na ndiyo sababu mtu hapaswi kuanzishiwa dawa za maisha kwa kipimo kimoja cha hofu. Anaambiwa arudi siku nyingine au apime akiwa nyumbani.

Kilichotokea hakina muujiza. Ubongo umehisi hatari na kutuma habari kwa njia mbili. Ya haraka ni neva: ndani ya sekunde chache tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia, zinamwaga adrenalini. Moyo unakaza mwendo, mishipa ya ngozi na ya tumbo inajibana, damu inaelekezwa kwenye misuli. Njia ya pili ni ya polepole na inapitia homoni. Haipothalamasi ndani ya ubongo inaiamuru tezi ya pituitari, pituitari inaziamuru adrenali, nazo zinatoa kotisoli, ambayo huachilia sukari kwenye damu na kuizuia kinga ya mwili isipandishe hasira kupita kiasi.

Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa ameshaueleza mwitikio ule wa haraka mwaka 1915, kwamba mnyama anajiandaa ama kupigana ama kukimbia. Mwaka 1936 Hans Selye, akifanya kazi Montreal, aliwapasua panya waliopitishwa kwenye mateso ya aina mbalimbali, baridi, majeraha, sumu, akakuta picha ileile kwa wote: adrenali zimevimba, tezi ya thaimasi inayolea askari wa kinga imesinyaa, na tumboni kuna vidonda. Sumu zilikuwa tofauti, baridi si jeraha, lakini mwili ulijibu kwa sauti moja.

Mpango huu ulikusudiwa shida ya dakika chache. Kwa bahati mbaya mwili hauna kengele mbili, moja ya moto na nyingine ya deni. Ndoa inayochoma, mgonjwa wa kuhudumiwa usiku na mchana, bosi unayemwota: kengele inayolia ni ileile, tofauti ni kwamba hakuna anayekuja kuizima. Presha inayopanda na kushuka haina neno. Inayopanda na kubaki juu kwa miaka ndiyo inayochosha mishipa.

Tundu la milimita 3.5

Mfano ninaoupenda kuliko yote unahusu kidonda kidogo sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kusahau, na wanawake wengine 13 wa umri na kipato cha kulingana nao ambao hawakuwa na mzigo huo. Kila mmoja alitobolewa ngozi ya mkono kwa chombo maalumu, tundu la duara lenye upana wa milimita 3.5. Kisha kazi ikawa kusubiri na kupiga picha. Vidonda vya wasiouguza vilifunga kwa wastani wa siku 39. Vya wanaouguza, siku 48 na ushei. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995.

Siku tisa. Tundu lilelile, chombo kilekile, ila kwa mmoja kuna mzazi au mume anayeamka saa nane za usiku akidai kwenda nyumbani wakati yuko nyumbani. Anayeuguza hulala vibaya, hula akiwa wima, na kotisoli yake haishuki inavyotakiwa. Kemikali zinazoziita chembe za ukarabati kwenye kidonda hutolewa kwa uvivu. Hakuna mtu anayeweza kusema siku hizo tisa ni za kichwani tu, maana zilipigwa picha.

Habari ya mafua inafanana. Sheldon Cohen na wenzake, katika utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 1991, waliwapima watu 394 wenye afya kiwango chao cha msongo wa mawazo, wakawatia puani matone yenye virusi vya mafua, kisha wakawatenga na kuwaangalia. Kati ya wenye msongo mdogo kabisa, kama asilimia 27 waliugua. Kati ya wenye msongo mkubwa kabisa, asilimia 47. Ila tusiukimbilie mfano huu tukasahau kilichofanyika: virusi viliwekwa puani na watafiti. Wasiwasi peke yake haukumtengenezea mtu mafua. Ulibadilisha uwezekano wa virusi vilivyokwisha kuingia kupata nafasi. Na zaidi ya nusu ya waliokuwa na msongo mkubwa hawakuugua.

Moyo nao, ule wa nyama, unaweza kuumizwa na majonzi kwa namna ya kuonekana kwenye picha. Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliandika kuhusu wagonjwa waliofika na kila dalili ya mshtuko wa moyo, lakini mishipa ya moyo wao haikuwa imeziba. Ncha ya moyo ilikuwa imelegea na kuvimba, umbo lake likafanana na chungu cha kutegea pweza, chini mviringo na shingo nyembamba. Chungu hicho Wajapani wanakiita takotsubo, na ugonjwa ukachukua jina hilo. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi, mara nyingi baada ya msiba, hofu kubwa au ugomvi, na mara chache hata baada ya furaha ya ghafla. Kinachodhaniwa kuwa mkosaji mkuu ni furiko la adrenalini na jamaa zake. Wengi hupona ndani ya wiki chache, lakini wapo wanaokufa. Wahenga waliosema mtu amekufa kwa majonzi hawakuwa wakitunga ushairi, angalau si kila mara.

Hayo yote ni ya hisia. Imani ni habari nyingine kidogo, na hapo ndipo mambo yanapovutia na kudanganya kwa wakati mmoja.

Kidonge kisicho na kitu

Plasebo ni kidonge cha unga au sukari, au sindano ya maji ya chumvi, kilichopewa sura ya dawa bila dawa ndani. (Tusikichanganye na dawa bandia za magendo, ambazo muuzaji anajua na mgonjwa hajui, na zinaua.) Mwaka 1955 daktari wa Marekani, Henry Beecher, aliandika kwamba takriban asilimia 35 ya wagonjwa hupata nafuu kwa plasebo. Namba hiyo ikatembea dunia nzima, na bado inatembea. Kasoro yake ni kwamba Beecher alimhesabu kila aliyepata nafuu baada ya kumeza kidonge, wakiwemo ambao wangepata nafuu hata wasingemeza chochote.

Kasoro hii ni kubwa kuliko inavyosikika. Mgongo unauma kwa mawimbi. Mafua yanaondoka yenyewe. Na mtu haendi kwa mganga, wala kwa daktari, siku anayojisikia afadhali. Anakwenda siku maumivu yamefika kileleni. Baada ya kilele kuna mteremko, na yeyote aliyekugusa siku ile ya kilele, kwa kidonge, kwa sindano, kwa maombi au kwa mafuta ya kuchua, atauvuna mteremko kama sifa yake. Sisemi waganga ni waongo. Wengi wao wanaamini walichokiona kwa macho yao.

Ukishaondoa mteremko huo, je, kinabaki kitu? Kinabaki, na kinaweza kupimwa. Mwaka 1978 watafiti wa California waliwafuatilia watu waliong'olewa magego. Walipewa plasebo kwa kuambiwa huenda ni dawa ya maumivu, na baadhi yao maumivu yakatulia kweli. Kisha wakapewa naloksoni, dawa inayoziba milango ambayo mofini, dawa kali ya maumivu, hupitia kwenye ubongo. Maumivu yao yakarudi. Maana yake nafuu ile haikuwa adabu ya mgonjwa asiyetaka kumwangusha daktari. Ubongo, kwa kutarajia dawa, ulikuwa umetoa dawa yake wenyewe ya jamii ya mofini, na naloksoni ikaizuia. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver waliona jambo la jamii hiyo kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka: walipotarajia dawa, ubongo wao ulitoa dopamini, kemikali ileile waliyopungukiwa.

Fabrizio Benedetti wa Turin amefanya jaribio lililo kinyume cha hayo, na mimi naliona ndilo lenye akili zaidi. Badala ya kutoa imani bila dawa, alitoa dawa bila imani. Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji analala, mashine imeunganishwa kwenye mshipa wake, na kwa saa isiyojulikana inamwingizia dawa ya maumivu kimyakimya. Mwingine anapewa dawa hiyohiyo na daktari aliyesimama kando ya kitanda akimwambia maumivu yatapungua sasa hivi. Wa kwanza anahitaji dozi kubwa zaidi kupata utulivu uleule. Kumbe sehemu ya nguvu tunayoiita ya dawa ni ya kujua kwamba umepewa dawa.

Na si lazima iwe imani ya kufikiriwa. Mwaka 1975 Robert Ader na Nicholas Cohen wa Chuo Kikuu cha Rochester waliwanywesha panya maji yenye utamu wa sakarini pamoja na dawa inayodhoofisha kinga. Baadaye waliwapa maji matamu peke yake, na kinga ya panya wale ikashuka. Panya hana dini wala matumaini. Mwili wake ulikuwa umezoea kwamba utamu huu hufuatwa na ile dawa, ukatangulia kujibu. Sehemu ya uponyaji wa "imani" kwetu sisi pia inaweza kuwa mazoea ya mwili: harufu ya chumba cha sindano, umbo la kidonge, sauti ya mtu aliyewahi kukuponya.

Upande wa pili wa plasebo unaitwa nosebo: ukitarajia ubaya, ubaya unakuja. Watafiti wa London waliwachukua watu 60 walioacha vidonge vya kupunguza lehemu, yaani statini, kwa sababu vilikuwa vikiwaletea maumivu ya misuli na uchovu. Kila mmoja alipewa chupa 12 za mwezi mmojammoja. Nne zilikuwa na statini, nne zilikuwa na plasebo ya kufanana, nne hazikuwa na kidonge chochote. Kila siku walirekodi kwenye simu ukali wa dalili zao, kuanzia 0 hadi 100. Miezi ya chupa tupu, wastani ulikuwa 8. Miezi ya statini, 16. Miezi ya plasebo, 15. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, wala hawakuwa wakijifanya. Karibu yote yaliletwa na tendo la kumeza kidonge walichokiogopa. Walipoonyeshwa rekodi zao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye dawa.

Mapafu mawili, majibu mawili

Sasa tufike kwenye jaribio ambalo, kama ningeambiwa nibaki na moja tu katika somo hili, ningebaki nalo. Lilichapishwa mwaka 2011. Wagonjwa 39 wa pumu walifika kliniki mara nyingi, na kila mara walipewa kimoja kati ya vitu vinne: dawa halisi ya kuvuta inayofungua njia za hewa, kopo la kuvuta lisilo na dawa, akupancha (tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano nyembamba) ya kuigiza ambayo sindano yake haipenyi ngozi, au kukaa tu na kungoja. Baadaye waliulizwa wamepata nafuu kiasi gani, kisha wakapuliza kwenye mashine inayopima hewa inayotoka mapafuni kwa sekunde moja.

Wasikilize kwanza wagonjwa. Kwa dawa halisi walisema nafuu ni asilimia 50. Kwa kopo tupu, 45. Kwa akupancha ya kuigiza, 46. Kwa kungoja, 21. Ungekuwa na masikio peke yake ungesema dawa na kiini macho ni ndugu.

Kisha sikiliza mashine. Kwa dawa halisi hewa iliongezeka kwa asilimia 20. Kwa kopo tupu, 7. Kwa akupancha ya kuigiza, 7. Kwa kungoja, 7.

Mtu aliyevuta kopo tupu hakudanganya. Kifua chake alikisikia chepesi. Lakini mirija ya mapafu yake ilikuwa imebana kama ya mtu ambaye hajapewa kitu. Siku ya kawaida, kusikia wepesi kuna thamani yake. Usiku wa shambulio kali, ndiko kunakomfanya mtu asikimbilie hospitali.

Hapa ndipo fundo lote linapofunguka. Imani ina nguvu kubwa juu ya ugonjwa unavyosikika: maumivu, kichefuchefu, uchovu, kukosa pumzi, wasiwasi, tumbo linalosokota. Hizo zote zinapikwa ubongoni kwa sehemu kubwa, na imani inaingia jikoni moja kwa moja. Hisia za muda mrefu, kwa njia ya neva na homoni, zinafika mbali zaidi: kwenye mishipa, kinga, vidonda, moyo. Lakini zinafika kama upepo unaosukuma tanga, si kama nahodha. Wachambuzi wawili wa Denmark waliokusanya majaribio zaidi ya mia moja mwaka 2001 walikuta plasebo inasaidia kidogo katika maumivu na mambo anayoyasema mgonjwa mwenyewe, na pale kinapopimwa kitu cha mwili kwa chombo, walikuta karibu hakuna. Wapo wanaoona walikuwa wakali mno. Pumu ile, hata hivyo, inawaunga mkono.

Kwa hiyo ukisikia "fulani ameponywa na imani yake", swali la kwanza si kama unaamini au huamini. Ni hili: kilichopona ni kipi, anachokisikia au kinachopimwa?

Mlango ambao hakuna anayeutazama

Ipo njia nyingine, rahisi mno hata waandishi wa mambo ya roho hawaijali. Imani hubadilisha mwenendo. Aliyekata tamaa haendi kliniki, halali, anavuta sigara zaidi, anaruka dozi. Mwenye matumaini anaamka na kutembea.

Utafiti mmoja wa Marekani, uliotoa matokeo yake mwaka 1980, uliwafuata wanaume waliopona mshtuko wa moyo. Waliomeza vidonge vyao kwa uaminifu walikufa wachache kuliko walioruka-ruka: ndani ya miaka mitano, asilimia 15 dhidi ya 28. Ajabu ni kwamba takwimu hizo ni za kundi la plasebo. Kidonge cha bure, na anayekimeza kwa bidii anaishi. Haiyumkiniki kwamba unga ule uliokoa moyo wa mtu. Anayemeza kila asubuhi bila kukosa huenda ndiye yuleyule anayepunguza chumvi, anayelala mapema, mwenye mke anayemkumbusha. Hapo imani inafanya kazi kwa miguu na mikono, na sioni kwa nini hilo liwe jambo dogo.

Mzigo anaobebeshwa mgonjwa

Nadharia ikivutwa kupita urefu wake, anayeumia ni aliyelala kitandani. Kwa miongo mingi vidonda vya tumbo viliitwa ugonjwa wa wenye mawazo. Watu waliambiwa watulie, wabadilishe kazi, wanywe maziwa. Kisha Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, wakaonyesha kwamba vidonda vingi vinatokana na bakteria, Helikobakta pailori. Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 na ukuta wa tumbo lake ukavimba. Wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mamilioni waliokuwa wakijilaumu kwa tabia zao walihitaji antibayotiki. Ukweli una kona zake, hata hivyo: baada ya tetemeko lililoupiga mji wa Kobe, Japani, Januari 1995, madaktari wa huko waliona vidonda vya tumbo vinavyovuja damu vikiongezeka. Bakteria na hofu vinaweza kushirikiana. Ila huwezi kumtibu mtu mwenye bakteria kwa kumwambia apunguze mawazo.

Kwenye saratani, matumaini yalipanda zaidi na kuanguka zaidi. Mwaka 1989 David Spiegel wa Stanford alichapisha matokeo yaliyosisimua kila mtu: wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa, waliokutana kila wiki katika kikundi cha kuzungumza na kufarijiana, waliishi wastani wa miezi 36 na ushei, wasiokutana karibu miezi 19. Habari ikaenea kwamba moyo uliofunguka huchelewesha kifo. Jaribio kubwa zaidi la Kanada, la wanawake 235, likatoka mwaka 2001: miezi 17.9 na 17.6. Hakuna tofauti. Spiegel mwenyewe alirudia utafiti wake na mwaka 2007 akakiri kwamba kwa jumla maisha hayakurefuka. Napenda uungwana huo, mtu kurudi na kuivunja nyumba aliyoijenga.

Lakini wanawake wale wa Kanada waliokuwa na maumivu na huzuni nyingi walipungukiwa na vyote viwili walipokutana. Kwangu hilo latosha kuwa sababu ya kukutana. Kinachokatazwa ni kumwambia mgonjwa kwamba saratani imerudi kwa sababu hakuwaza mema. Amebeba ugonjwa, sasa abebe na hatia? Nimewasikia watu wenye nia njema wakisema hivyo kando ya kitanda, na mgonjwa akajitahidi kutabasamu ili asionekane anajiua kwa kulia.

Na kuna ubaya mkubwa zaidi ya hatia. Watafiti wa Yale, mwaka 2018, waliwalinganisha wagonjwa 281 wa saratani zilizokuwa bado zinatibika, waliochagua tiba mbadala peke yake, na wengine 560 waliopata tiba ya kawaida. Hatari ya kufa kwa wale wa kwanza ilikuwa mara mbili na nusu. Kwenye saratani ya matiti, zaidi ya mara tano. Neno lililoua hapo ni "peke yake".

Anayetaka kuona mpaka wa imani ulivyo auangalie ugonjwa wa kisukari cha watoto kabla ya 1922. Wazazi wa wakati ule walipenda, walikesha, walisali, na watoto wao walikonda mpaka wakafa. Januari mwaka huo, katika hospitali moja ya Toronto, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini, akaishi miaka 13 zaidi. Upendo wa wazazi haukuongezeka mwezi ule. Kilichoongezeka ni chupa.

Basi mponyaji mwema anafanya nini?

Anauliza usingizi, msiba, deni la moyo, nani yuko nyumbani. Anakupa nafasi ya kusema mpaka mwisho. Anakufundisha kupumua polepole, maana pumzi ndefu ya kutoa huamsha neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni, na kupunguza mapigo ya moyo, na ni bure. Hakuambii uache dawa. Akikwambia uache insulini, dawa za presha au za kufubaza virusi ili "kupima imani yako", simama uondoke. Hapo hamzungumzi tena uponyaji.

Wala halazimiki kudanganya. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk wa Harvard aliwapa wagonjwa wenye tumbo linalosumbua bila kidonda vidonge vilivyoandikwa wazi kwamba ni plasebo, akawaeleza kwa nini hata hivyo vinaweza kusaidia. Asilimia 59 walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya 35 ya wasiopewa kidonge lakini waliohudumiwa na kusikilizwa vilevile. Walikuwa 80 tu, na nafuu ni ya kusemwa, si ya kupimwa kwa mashine. Bado inaonyesha kwamba ukweli na faraja vinaweza kukaa chumba kimoja.

Faraja yenyewe ni ya maneno, na maneno yana kipimo chake. Mwaka 2010 wataalamu wa ganzi wa Boston waligawanya wajawazito 140 waliokuwa wakidungwa sindano ya ganzi mgongoni. Nusu waliambiwa: utasikia kama umeumwa na nyuki mkubwa, hii ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Nusu nyingine waliambiwa: tunakutia ganzi hapa ili usisumbuke tukiendelea na kazi. Walipoulizwa maumivu ni mangapi kati ya 10, wa nyuki walisema 5, wengine 3. Sindano ilikuwa ya aina moja, na dawa ndani yake ilikuwa moja.